Mdogo wangu, lithiamu na Ramadhani

Asalaam aleikum. Niko Wete. Mdogo wangu hupitisha wiki nzima bila kulala, anagawa pesa za karafuu ovyo. Kisha miezi hanyanyuki kitandani. Majirani wasema shetani. Daktari kasema baipola, maradhi ya akili ya hali kupanda na kushuka mno, kampa dawa ya lithiamu. Sasa ataka kufunga. Naogopa.

— Waaleikum salaam dada. Kwanza amwone daktari, damu ipimwe. Mwili ukikosa maji, lithiamu huzidi kwenye damu ikawa sumu. Akitetemeka sana, akitapika au akiyumba, hospitali upesi! Mgonjwa ana ruhusa ya kula.

— Mie niko Unguja, natibiwa Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, kwa maradhi hayo hayo. Hali yangu ikipanda sijijui kabisa. Mama ndiye hutambua, usingizi wangu ukipungua. Kisomo mfanyieni, lakini dawa asiache.