MJADALA: Jina la Mercedes-Benz lilijengwa na madereva wa teksi. Kwa nini leo inawakimbilia matajiri tu?

Wakuu, nawasalimu. Nina hoja ambayo imenikera kwa muda sasa, naileta hapa ipigwe msasa na wanaoyajua magari.

Mei 2022 mkuu wa Mercedes-Benz, Ola Källenius, aliwatangazia wawekezaji mwelekeo mpya wa kampuni. Zaidi ya asilimia 75 ya fedha za kuunda magari zingekwenda kwenye yale yenye faida nono. Maumbo ya magari yake madogo, ukoo wa A-Class na B-Class, yangepunguzwa kutoka saba hadi manne. Na yale ya daraja la juu kabisa, yaani S-Class, Maybach, AMG na G-Class, yangeongezewa sehemu yake katika mauzo kwa takriban asilimia 60 kufikia 2026, ukilinganisha na 2019.

Tangu siku hiyo wapenzi wa Benzi wamegawanyika. Kuna wanaosema hatimaye mfalme amerudi kwenye kiti chake, na kwamba kuuza gari dogo la milango mitano lenye nyota puani ilikuwa kujidhalilisha. Mimi niko upande wa pili. Naamini heshima ya gari hili duniani ililetwa na gari la kazi, lile la dizeli linaloamka alfajiri kutafuta hela na kurudi usiku, na kampuni ikiliacha gari hilo haitabaki na kitu cha kuwauzia hata hao matajiri.

Nianze na hoja kali kuliko zote dhidi yangu. Jina Mercedes lenyewe limetoka kwa tajiri. Emil Jellinek alikuwa mfanyabiashara wa Austria aliyeishi Nice, Ufaransa, akiwauzia magari watu wa tabaka la juu na kuyaingiza kwenye mashindano. Mwaka 1900 aliagiza magari 36 kutoka kiwanda cha Daimler kwa marka 550,000 za dhahabu, kwa sharti kwamba yabebe jina la binti yake. Wilhelm Maybach akaunda gari la nguvu za farasi 35, refu, la chini, na Machi 1901 likawatimulia vumbi wote kwenye wiki ya mashindano ya Nice. Kwa hiyo ndiyo, anasa ilikuwepo tangu mwanzo. Sipingi.

Lakini tazameni waliobaki na anasa peke yake. Horch, fahari ya Saxony, haikupona vita. Isotta Fraschini ya Italia na Hispano-Suiza zilikuwa na wateja wa hadhi ileile ya Jellinek, na zote zilikoma kuunda magari ya watu. Maybach, iliyoanzishwa na yule yule Wilhelm pamoja na mtoto wake, iliacha kuunda magari wakati wa Vita vya Pili. Mercedes wenyewe wakalifufua jina hilo mwaka 2002 kama gari la mabilionea. Likauza takriban magari 3,000 kwa miaka kumi, likafungwa. Leo linaishi kwa kuegemea S-Class. Kama anasa tupu ingetosha kulinda kampuni, orodha hii isingekuwa ndefu hivi.

Sasa tuangalie upande wa kazi. Karl Benz aliomba hataza ya gari lake la magurudumu matatu huko Mannheim tarehe 29 Januari 1886, na kwa muda watu wakaliona kama kituko cha fundi. Aliyelitoa kwenye ukituko huo ni mke wake. Agosti 1888 Bertha Benz aliliwasha bila kumuaga mumewe, akawapakia wanawe wawili, akaenda hadi Pforzheim kwa mama yake, safari ya zaidi ya kilomita 100. Mafuta aliyanunua kwenye duka la dawa mjini Wiesloch. Bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia, na breki zilipolika akamwomba fundi viatu azipigilie ngozi. Mama huyu ndiye dereva wa kwanza wa safari ndefu duniani, na alichokuwa anakithibitisha ni kwamba chombo kinafika na kurudi. Mwaka 1897 mtu mmoja wa Stuttgart, aliyekuwa na biashara ya magari ya farasi, akachukua Daimler ya injini na kuanzisha teksi ya kwanza ya injini duniani. Hii ilikuwa kabla jina Mercedes halijabandikwa kwenye gari lolote.

Kampuni hizo mbili, ya Benz na ya Daimler, ziliungana mwaka 1926. Miaka kumi baadaye ikatoka 260 D, miongoni mwa magari ya kwanza kabisa ya abiria yenye injini ya dizeli kuuzwa sokoni. Madereva wa teksi waliipokea mapema kwa sababu ilipunguza gharama ya mafuta. Baada ya vita zikafuata 170 D, 180 D, 190 D, kila moja polepole kama kobe na kila moja ikimlisha mwenye nayo.

Hapo ndipo tunafika kwenye W123, Benzi ya daraja la kati iliyoitangulia E-Class, na hapa naomba uvumilivu wenu kwa sababu ndio moyo wa hoja yangu. Ilitoka mwaka 1976 na kuundwa hadi katikati ya miaka ya 1980, karibu magari milioni 2.7. Toleo lake la dizeli, 200 D ya mwanzo, lilikuwa na nguvu za farasi 55 tu. Lori lililobeba mzigo lingeweza kukusumbua mlimani. Hata hivyo Wajerumani walijiandikisha na kusubiri miezi mingi, na lililotumika kidogo liliuzwa karibu kwa bei ya jipya. Rangi yake ya pembe za ndovu, rangi rasmi ya teksi za Ujerumani, ndiyo picha ya miji yao ya enzi hizo. Morocco W123 ikawa teksi kubwa ya safari za kati ya miji kwa miongo mizima, mpaka serikali ilipoanza kuwalipa wenyewe wazitoe barabarani. Na kaka yake mkubwa wa toleo lililotangulia, 240 D ya 1976 ya dereva teksi mmoja wa Thessaloniki, Ugiriki, ilikwenda kilomita milioni 4.6. Injini zilibadilishwa mara kadhaa, ndiyo, lakini gari lilikuwa lilelile, na mwaka 2004 kampuni ililichukua kuliweka kwenye makumbusho yake.

Ulinganisheni na gari la wakubwa la zama hizo. Mercedes 600, iliyoonyeshwa mwaka 1963, ilikuwa na vioo, viti na mlango wa buti vilivyosukumwa na mfumo wa haidroli wa shinikizo kubwa, kimya kabisa. Mao alikuwa nayo, Tito alikuwa nayo, Mobutu alikuwa nayo. Hadi ilipositishwa mwaka 1981 zilikuwa zimeundwa 2,677. Kwa kila moja ya hizo, zilitoka W123 zipatazo elfu moja. Sisi wa Afrika Mashariki, kwa kuwa tuliwaona wakubwa ndani ya Benzi tangu uhuru hata tukawaita Wabenzi, tumezoea kudhani madaraka ndiyo yaliyolipa gari hadhi. Kwangu mambo yalikwenda kinyume: waziri alilitaka gari ambalo dunia nzima ilishajua kuwa haliharibiki.

Mtaniambia uvumbuzi wa usalama ulitoka kwenye S-Class, na bila tajiri kulipa gharama za mwanzo sisi wengine tusingeupata. Hoja hii naiheshimu. Breki za ABS, zinazozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga ghafla, zilizotengenezwa pamoja na Bosch, ziliingia S-Class mwaka 1978. Mfuko wa hewa wa dereva ukafuata muda mfupi baada ya 1980. Lakini angalieni mwendo wake: ABS ilipatikana kwenye W123 mwaka 1980, mfuko wa hewa mwaka 1982. Ilichukua miaka miwili tu kushuka kutoka kwa mwenyekiti wa benki hadi kwa mwenye gari la kawaida. Wazo la Béla Barényi la kuacha pua na mkia wa gari vibonyee ili chumba cha abiria kibaki salama liliingia kwenye W111 ya 1959, na leo limo kwenye kila gari unaloliona. Tajiri alilipia majaribio, sawa, ila sifa ilikuja pale teknolojia ilipomfikia mtu wa kawaida. Mpango unaokata ngazi za chini unaikata na njia hiyo.

Halafu kuna magari madogo, ambayo watetezi wa anasa huyataja kama aibu. Mwaka 1982 ilipotoka 190, hofu ilikuwa hiyohiyo: itashusha jina. Ikauzwa karibu milioni 1.9, na mfumo wake wa nyuma wa vyuma vitano kwa kila gurudumu ukawa shule kwa viwanda vingine. Ilikuwa ndogo lakini haikuundwa kwa ubahili. A-Class ya 1997 ndiyo wanayopenda kuikumbusha, kwa sababu ilipinduka Sweden kwenye jaribio la kukwepa kizuizi cha ghafla, mbele ya waandishi wa habari za magari. Ilikuwa fedheha kweli. Ila kampuni ilisimamisha usambazaji, ikarekebisha gari, ikaweka mfumo wa ESP, unaozuia gari lisiteleze na kupoteza mwelekeo, kwenye kila A-Class bila malipo ya ziada. Gari dogo ndilo lililofanya ESP iwe haki ya kila mnunuzi wa Mercedes, jambo ambalo S-Class haikuwa imelifanya.

Kilichochafua jina kilikuwa ubahili wa miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000, na haukuchagua gari kubwa wala dogo. Muulizeni fundi yeyote mzoefu kuhusu nyaya za injini za katikati ya miaka ya 1990 zilizopukutika ganda, au kutu ya E-Class W210. Mwaka 1998 wakaungana na Chrysler, kampuni ya Marekani ya eneo la Detroit, ndoa iliyovunjika 2007. Mwaka 2005 wakaita warudishwe magari milioni 1.3 kwa ajili ya matatizo ya umeme na breki. Wahenga walishasema usiache mbachao kwa msala upitao, na wakubwa wa Mercedes kule Stuttgart waliacha mbachao kwa Detroit.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu ya mwanzo:

Mdau mmoja amesema Mercedes si shirika la hisani, na gari dogo halina faida ukizingatia mishahara ya Ujerumani na ushindani wa Wachina. Hoja nzuri. Lakini tuupime mpango kwa kipimo chake wenyewe. Mwaka 2024 mauzo ya daraja la juu yalishuka kwa zaidi ya asilimia 10, hasa kwa kuwa matajiri wa China walifunga pochi, na faida halisi ya kundi zima ikapungua kwa zaidi ya robo, hadi karibu euro bilioni 10.4. Baadaye A-Class, iliyokuwa imepangiwa kuzikwa, ikaongezewa maisha hadi 2028. Mteja tajiri akikohoa, kampuni nzima inalazwa.

Mwingine ameuliza kwa nini napamba historia bila kumtaja Hitler. Swali ni la haki na halipaswi kuzungukwa. Mercedes 770 ndiyo iliyombeba kwenye magwaride. Mwaka 1944 karibu nusu ya watu 63,610 waliofanya kazi Daimler-Benz walikuwa vibarua wa kulazimishwa, mateka wa vita na wafungwa wa kambi za mateso. Kampuni inakiri hivyo yenyewe. Mwaka 1988 ililipa marka milioni 20 kwa ajili ya wahanga, na baadaye ikachangia mfuko wa fidia ulioundwa na serikali na viwanda vya Ujerumani mwaka 2000. Zaidi ya miaka arobaini kupita kabla ya malipo ya kwanza ni muda mrefu mno, wengi walikuwa wameshazikwa. Anayeipenda Benzi na alibebe na hili.

Aliyesema natetea moshi wa dizeli hakunisoma vizuri. Najua faini ya euro milioni 870 ambayo kampuni ilitozwa mwaka 2019 kwa ajili ya moshi huo. Gari la kazi la leo linaweza kuwa la haibridi au la umeme. Nendeni kwenye vituo vya teksi vya Ujerumani muone Toyota za haibridi zilivyokaa mahali palipokuwa pa Benzi.

Na kwetu hili lina uzito wake. Benzi nyingi tunazopanda zimetumika kwanza Japani au Uingereza. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8, Tanzania inalitoza ushuru wa uchakavu. Maana yake maamuzi ya 2022 yatashuka bandarini Mombasa na Dar es Salaam karibu 2030. Kama kinachoundwa ni magari mazito yenye skrini upana wa dashibodi na shokapu za hewa, ndicho kitakachofika gereji za Kariakoo na Grogan, na mwenye E-Class ya kawaida atatafuta spea kwa tochi.

Swali langu kwa mnaotetea mpango huu: Maybach ya 2002 hadi 2012 iliuzwa kwa mantiki hiihii na ikashindwa. Safari hii kimebadilika nini? Na mwenye hesabu za kweli za kuendesha E-Class mpya kwa kazi ya teksi, Ulaya au huku, azimwage hapa tuzichambue.