Fildi ya afya ya jamii: halmashauri, Ifakara au shirika la Dar?

Mwaka_wa_Pili: Wakuu, shikamooni. Nasoma afya ya jamii, fildi yetu (mafunzo kwa vitendo) ni wiki nane. Nina barua tatu za kukubaliwa mkononi: ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya huku nyumbani (nitalala kwa shangazi, bure), taasisi ya utafiti Ifakara, na shirika moja Dar lenye kiyoyozi. Roho inataka Dar. Natakiwa kujibu Ijumaa.

Bwana_Afya_Mstaafu: Marahaba. Nenda halmashauri, na ukifika usikubali kukalishwa ofisini. Omba upelekwe zahanati ya mbali kabisa siku ya kliniki ya watoto. Utamkuta muuguzi mmoja anapima uzito, anachoma chanjo, anajaza kitabu cha MTUHA (cha taarifa za huduma za afya), na foleni haijafika nusu. Mwisho wa mwezi kitabu kile kinajumlishwa kwa mkono, kinapelekwa wilayani, kinaingizwa DHIS2, ule mfumo wa takwimu wa kompyuta, na huko juu wanaona grafu safi. Mwanafunzi wangu mmoja alinijia mbio: kijiji kimechanja zaidi ya asilimia 100 ya watoto! Nikamuuliza, idadi ya walengwa umeitoa wapi? Kumbe ni makadirio ya sensa ya 2012, na kina mama wa ng'ambo wanavuka mto kuja kwetu kwa sababu friji ya kwao ni mbovu. Ripoti yake yote akaiandika juu ya mto ule.

Mbu_Jike: Mzee kweli tupu, ila usimnyime mtoto Ifakara. Mimi niliwekwa kwenye mbu. Asubuhi unafungua mifuko ya mitego ya taa, unawachambua mmoja mmoja, Culex huku, Anopheles (jamii ya wale wa malaria) kule, mpaka shingo inakakamaa. Darasani nilikariri kwamba katika Anopheles, aina ya gambiae ndiye mkorofi. Bonde la Kilombero, huko Ifakara, nikakuta aina nyingine, funestus, ndiye anayebeba sehemu kubwa ya malaria. Ubaya wake, utafiti uliukuta umeanza na utauacha unaendelea, wewe umeona kipande tu. Kama wadudu wako moyoni, nenda. Kama bado hujijui, hapana.

Tausi_Ilala: Mimi ndiye wa kiyoyozi. Shirika silitaji. Wiki sita nilitoa kopi na kusainisha watu fomu za posho za semina. Msimamizi nilimwona siku ya muhuri. Lakini nisiwe mchoyo: wiki mbili za mwisho walinipa majibu ya dodoso la vyoo niyasafishe kwenye kompyuta, na Excel ile ndiyo inanilisha leo. Kwa hiyo wapigie simu uulize: Jumatatu ya kwanza nitafanya kazi gani, na nani atasaini daftari langu? Wakikujibu "utaona ukifika", achana nao. Na piga hesabu ya daladala, maana bumu (hela ya mkopo) la fildi lina tabia ya kufika fildi ikiisha.

Mkilifi_Mbishi: Huku Kenya ni atachimenti, na kilio ni kilekile. Tangu ugatuzi wa 2013 zahanati ni za kaunti, basi barua unazungusha huko, na wengine wanakudai bima ya ajali kwanza. Mimi nilifuatana na wahamasishaji wa afya ya jamii nyumba kwa nyumba. Mama mmoja alinifunza: usiulize "mna choo?" Kila mtu atakwambia anacho. Bisha hodi, kunywa maji, zungumza, halafu omba kwenda msalani.

Bwana_Afya_Mstaafu: Huyo mama apewe digrii.

Mwaka_wa_Pili: Nimepiga Dar. Wamesema nitaona nikifika 😂 Shangazi nimeshampa taarifa. Sasa mzee, gambuti nitazikuta huko au ninunue?

Bwana_Afya_Mstaafu: Nunua. Za ofisi zote ni namba 10, na ya kushoto inavuja.