AC inapuliza upepo tu: nibadilishe kompresa au ninunue mpya?

Makuti_Mawili
Wakuu habari za jioni. AC ya chumbani imegoma kupoza tangu Jumapili, inapuliza upepo wa kawaida kama feni. Jana nikaita fundi, kasema kompresa, ile pampu ya gesi ya uniti ya nje, imekufa, kuibadilisha na kujaza gesi laki nne na nusu, ufundi humo humo. Leo mchana nikapita Kariakoo, mpya nimetajiwa milioni moja na laki moja bila kufungiwa. Joto la Dar mnalijua, mtoto halali. Nitengeneze au ninunue?

Kisimani
Natia kambi hapa. Ya kwangu nayo imeanza vituko.

FundiBaridi
Mkuu, hapo hujasema kitu. BTU ngapi, yaani nguvu yake ya kupoza? Ina miaka mingapi? Gesi gani? Ni inveta au ya kawaida? Kibandiko kipo ubavuni mwa uniti ya nje, kisome uje. Na hiyo ya nje inanguruma au imekaa kimya? Mtu haendi kwa daktari akasema "naumwa" kisha akanyamaza.

Jirani_wa_Bahari
Nunua mpya, chukua inveta, usijiulize mara mbili. Hizo za zamani zinakula LUKU kama mashine ya kusaga. Mimi tangu nibadilishe, umeme wa wiki mbili unanifikisha karibu mwezi.

FundiBaridi
Jirani, inveta nzuri sikatai, lakini mwambie na upande wa pili. Inaokoa umeme kwa sababu kompresa inapunguza mwendo chumba kikishapoa, badala ya kuzima na kuwaka upya. Chumba kama hakipoi, dirisha la nyavu, mlango wazi, inakimbia mwendo wote siku nzima na hapo akiba inabaki ndogo. Halafu bodi ya nje. Umeme ukiyumba ikaungua, bei yake utakaa chini. Nimeshatengeneza za watu waliofunga inveta bila gadi ya umeme, wakalia ndani ya mwaka.

Jirani_wa_Bahari
Gadi ya umeme ni bei ya kuku wawili. Usitishe watu.

Makuti_Mawili
Nimeshuka kusoma kibandiko, kimefutika nusu na jua. Naona 12000 na R22. Miaka sijui. Ya nje feni inazunguka vizuri. Kuna sauti inatoka "nguuuu" kama sekunde tano, halafu "tak", kimya. Baada ya dakika kadhaa inarudia hivyo hivyo.

FundiBaridi
Sasa tunaongea. Huyo fundi wako alifungua kifuniko cha uniti ya nje? Alikuwa na mita ya kupimia umeme?

Makuti_Mawili
Hapana mkuu. Aligusa bomba kwa mkono, akasema halina baridi, kompresa imekwisha.

FundiBaridi
Daktari wa kupapasa huyo. Sikiliza. Kompresa ikinguruma sekunde chache ikakata, mara nyingi inataka kuzunguka inashindwa. Sababu ya kwanza ya kuangalia ni kapasita, lile kopo la bati linaloipa msukumo wa kuanzia. Kwa 12000 huwa ni 30 au 35 mikrofaradi, imeandikwa ubavuni. Ikipimwa ikasoma 18, au juu imevimba kama kopo la maziwa lililochacha, umempata mwizi. Bei yake haifiki hata elfu thelathini. Ile "tak" ni kinga ya joto inakata ili waya za ndani zisiungue, ndiyo maana inasubiri ipoe kisha inajaribu tena. Ila usiiache ijaribu siku nzima, utaiua kweli. Zima swichi kubwa mpaka apatikane mtu mwenye mita. Na usichokonoe kapasita mwenyewe, inashika chaji hata umeme ukiwa umezimwa.

La pili, pima umeme wenyewe saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa unapika na kupiga pasi. Ukikuta volti 180 badala ya 230, kompresa hainyanyuki hata kama ni nzima.

La tatu ndiyo kompresa yenyewe kukwama. Hilo linakuja mwisho.

MamaWawili_Kigamboni
FundiBaridi yuko sahihi, na mimi niwape yaliyonikuta, maana nilipigwa nikapigika.

Yangu ilikuwa R22 kama hiyo. Mwaka juzi ikaanza kupoza kidogo, lile bomba jembamba nje linaganda barafu. Fundi akaja: "Gesi imeisha mama." Akajaza, nikalipa. Wiki saba, imeisha tena. Akajaza. Mimi nikawa nafikiri gesi ya AC ni kama ya jikoni, unapika inaisha! Kumbe inazunguka humo humo ndani, ikipungua jua kuna mahali inavuja. Hakuna aliyeniambia. Mara ya tatu akaja na mtungi usio na maandishi, ananiambia hii ndiyo gesi ya kisasa, kali zaidi. Siku mbili AC ilipoza kama bucha, nikamsifia kwa majirani. Siku ya tisa ikatoa mlio kama kijiko kwenye blenda. Kimya.

Nikamtafuta mzee mmoja, fundi wa siku nyingi. Yeye alikuja na sabuni ya unga kwenye kikombe na brashi ya kunyolea. Akapaka kwenye nati za nyuma, mapovu hayo! Nati moja ilikuwa haijakazwa tangu siku ya kufungwa. Dakika kumi za kazi. Lakini kompresa ilishakwenda. Alipoikata, mafuta yalitoka meusi kama chai ya rangi. Akanieleza kuwa ile ya mtungi ilikuwa gesi ya R410A, mgandamizo wake unapita wa R22 kwa zaidi ya nusu, na mafuta ya mashine ya R22 hayachanganyiki nayo. Nilijumlisha nilichotoa kwa yule wa kwanza, ningekuwa nimefika nusu ya bei ya mpya.

Simu yake mpaka leo "namba unayopiga haipatikani".

Kisimani
Pole dada. Brashi ya kunyolea nimecheka.

Mvita
Wa Mombasa hapa. Mbali na hayo yote, ndugu yangu aangalie hali ya ile uniti ya nje. Sisi tulio karibu na bahari chumvi inatumaliza. Mapezi ya aluminiamu yanageuka unga mweupe, ukiyagusa yanapukutika, na joto halina pa kutokea. Ukitia kompresa mpya kwenye koili kama hiyo umevalisha maiti viatu. Oshea maji baridi ya bomba kila mwezi, taratibu. Si ile mashine ya kuoshea magari, inayalaza mapezi yote.

Bin_Hamad_Muskat
Assalaam alaykum. Mimi nipo Oman, huku kiangazi kinapita digrii 40 na AC haizimwi miezi. Nawaambieni, mtu hunawa mikono kuliko anavyoosha filta, kisha analaumu gesi. Filta ikijaa vumbi upepo haupiti, koili ya ndani inaganda barafu, na wewe unaona haipozi. Mie naosha kila baada ya wiki mbili. Na zile za dirishani mnazozicheka, huku zipo tele, hazina mabomba marefu ya kuvuja. Baba angu anayo, haijaguswa ila kwa maji na brashi.

Jirani_wa_Bahari
Shekhe, za dirishani kelele zake huwezi kusikia adhana.

Bin_Hamad_Muskat
Tushazoea. Ikizima ndio tunaamka.

Salma_T
Samahani kuteka uzi. Yangu inapoza vizuri ila inamwaga maji ndani, ukuta umeota ukungu. Ni gesi pia?

FundiBaridi
Hapana, hilo ni bomba la maji machafu limeziba, kuna ute unaota ndani. Mwambie fundi alipulize kutoka nje, aoshe na sinia la ndani. Na aangalie bomba linashuka njia nzima, likipanda hata kidogo maji yanarudi. Asikujazie gesi!

Mnyalu_Wa_Makambako
Huku tunalala na mablanketi mawili. Poleni.

Jirani_wa_Bahari
Turudi kwenye mada. R22 inaondolewa duniani kwa ule mkataba wa Montreal wa kulinda ozoni, nchi zetu zina mpaka 2030 kuimaliza karibu yote. Kuweka laki nne kwenye mashine ambayo gesi yake inapotea sokoni ni akili kweli? Mpya za gesi ya R32 zimejaa.

FundiBaridi
Nani kasema laki nne? Nimesema apime kapasita kwanza! Ikiwa ni kompresa kweli, nakubaliana na wewe, anunue. Na hiyo R32 inashika moto, kwa hiyo mfungaji awe na pampu ya vakyumu ya kunyonya hewa kwenye mabomba, si hawa vishoka wanaofukuza hewa kwa gesi yenyewe.

Makuti_Mawili
Wakuu nashukuru sana. Kuna kitu nilisahau kusema. Nyumba ni ya kupanga, AC niliikuta.

MamaWawili_Kigamboni
Weeeh!

Mvita
Yaani siku mbili tunapigana hapa kumbe mali ya mwenye nyumba?

Makuti_Mawili
Nimempigia. Anasema nitengeneze, tutakatana kwenye kodi.

MamaWawili_Kigamboni
Akuandikie hata ujumbe wa simu. Wangu alisema hivyo hivyo kuhusu tenki, kodi ilipofika akaniuliza tenki gani.

FundiBaridi
Ukinunua mpya ni yako, ukihama unang'oa. Ila kung'oa na kufunga upya nako kuna gharama, na gesi inatakiwa irudishwe kwenye uniti ya nje kwanza. Anza na kapasita mkuu.

Makuti_Mawili
Nimepata mwingine mwenye mita, anakuja Jumamosi. Nitaleta mrejesho.

Chuma_Chakavu_TZ
Kama kompresa imekufa kweli naichukua hiyo mbovu, na mabomba yake ya shaba. Nakuja mwenyewe na pikipiki.

Makuti_Mawili
Si yangu mkuu, soma uzi.

Kisimani
Wakuu ya kwangu leo nayo imeanza "nguuuu, tak". Hiyo kapasita Kariakoo inapatikana mtaa gani?