Naomba ushauri: ancient debris, vitanda au TNT?

Salaam wakuu. Naomba msaada wa waliobobea kwenye mchezo wa Minecraft, toleo la Java, hali ya survival (ya kujitafutia kila kitu).

Nahitaji ancient debris (madini adimu) 16: kila vipande vinne vilivyoyeyushwa, pamoja na dhahabu nne, vinatoa netherite (metali inayoshinda almasi) moja, na deraya kamili inataka nne. Template (kiolezo) ya kupandishia deraya ya almasi iwe ya netherite ninayo, na kila nakala ni almasi 7 na netherrack (mwamba wa kawaida wa Nether, ulimwengu wa moto) moja, kwa hiyo hapo sina shida. Debris yenyewe ndiyo mtihani.

Nachimba Nether kwenye Y 15 (kimo cha 15), inakopatikana kwa wingi, kwa sululu ya almasi yenye Efficiency V (uchawi wa kuharakisha uchimbaji). Handaki la kawaida linatoa kidogo mno. Kuzunguka mapangoni nako hakusaidii, maana debris haitokei ikiwa imegusana na hewa. Nikahamia vitanda, ambavyo Nether hulipuka ukivibonyeza: natoboa ukuta wa handaki, naweka kitanda ndani, naacha bloku moja kati yangu nacho, kisha nakibonyeza. Netherrack inafagiwa vizuri na debris inabaki salama, kwani mlipuko hauivunji. Kero ni mbili. Lava iliyojificha inamwagika handakini, na moto wa kitanda unaziba njia, hata nikinywa dawa ya kinga ya moto ya dakika 8 siioni debris vizuri. Kwenye basalt (mwamba mgumu zaidi) ndiyo kabisa, mlipuko hauli kitu cha maana, kwa hiyo maeneo hayo nayakwepa.

Maswali yangu:

Vitanda viachane bloku ngapi ili mashimo yakutane bila kupoteza sufi?

Na je, safu ya TNT, ambayo haiwashi moto, inalipa kweli ukizingatia kila moja inakula baruti 5 na mchanga 4?