Mjadala: Mbio za mikweche Tanga hadi Tanga. Platini zibaki au ziondoke?

Katibu wa Mikweche
Wadau, mbio hizi ni za kubuni. Hakuna ada wala kombe, lakini kanuni tunazigombania kana kwamba bendera inashushwa kesho alfajiri. Kwa aliyechelewa: tunaanzia Tanga, Korogwe, Mombo, tunapanda Lushoto na kushuka palepale, kisha Same, Himo, Taveta, Voi, Mombasa, kivuko cha Likoni, Lunga Lunga, Horohoro, Tanga tena. Gari liwe la kabla ya 1975 na liwe na angalau kituko kimoja ambacho fundi wa leo akikiona ataita wenzake waje watazame. Gari la msaada marufuku. Unatengeneza kwa ulichobeba na kwa kinachouzwa kando ya barabara. Ubishi uko kanuni ya nne: mfumo wa moto uwe wa platini (vile vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana, vikikata umeme ili plagi zipate cheche), moduli ya elektroniki inayofanya kazi hiyohiyo isiruhusiwe. Mnasemaje?

Spana 13
Zibaki. Platini hazifi ghafla. Kile kisigino cha faiba kinachosugua kemu, yaani vinundu vya shafti vinavyoziachanisha platini, hulika, hasa grisi ikikauka na vumbi likaingia. Nafasi inapungua, taiming, yaani wakati wa cheche kupiga, inachelewa, gari linakuwa zito na linapata joto. Una siku nzima ya kulisikia likilalamika kabla halijazima. Kwenye Volkswagen Beetle kazi yenyewe ni hii: toa kifuniko cha distribyuta (kile kinachogawa moto kwa kila plagi), zungusha injini kwa spana ya 21 kwenye nati ya dainamo mpaka kisigino kikae juu kabisa ya kemu, legeza skrubu, ingiza fila geji, kile kibati cha kupimia nafasi, ya milimita 0.4, kaza, halafu pima tena, maana skrubu ikikazwa huivuta sahani iliyobeba platini na kuharibu ulichopima. Taiming unaitafuta kwa balbu: waya mmoja kwenye koili inayokuza umeme wa cheche, upande unaokwenda distribyuta, mwingine kwenye bodi. Washa swichi, zungusha taratibu. Balbu inawaka pale platini zinapoachana. Yote haya yanafanyika chini ya mwembe.

Moduli je? Geuza nguzo za betri mara moja tu, au sahau swichi imewashwa huku injini imezima, nyingine zinaungua hapohapo. Tafuta ya kubadilisha kati ya Mombo na Same uone.

Bi Kabureta
Spana 13 umeruka kondensa kwa makusudi, kile kikopo kidogo kinachozuia cheche kuunguza platini. Kondensa ni sehemu ya mfumo huohuo unaousifu, na yenyewe haitoi taarifa. Ikifa, platini zinatoa cheche kubwa na kuungua, plagi zinapata moto hafifu, gari linazima katikati ya daraja. Kondensa nyingi zinazouzwa sasa ni mbovu zikiwa bado kwenye boksi.

Halafu Beetle ni rahisi kwa sababu distribyuta unaikuta hapo juu ukifungua boneti ya nyuma. Nenda kwenye Citroën 2CV. Platini zimefichwa kwenye kiboksi nyuma ya feni. Unatoa grili, unaingiza soketi ndefu, unafungua bolti ya feni, unaivuta feni kwenye shafti yake (isipotaka, unaigonga kwa adabu, maana ukiipinda itatetemesha injini yote), ndipo unaiona platini yenyewe. Gari hilo halina hata distribyuta ya kawaida: koili moja inapiga plagi zote mbili kila mzunguko, cheche moja ya kazi, nyingine ya bure. Kumlazimisha mtu wa 2CV afanye hayo kando ya lori la mkonge huko Korogwe ni kumkomoa tu.

Spana 13
Ndiyo maana ya mbio za kukomoana, Bi Kabureta.

Duroplasti
Mnaposema "asilia" mnamaanisha asilia ya mwaka gani? Trabant 601 ya mwanzo ina platini seti mbili, kila silinda na yake, kila moja na koili yake, na kila seti uitegeshe peke yake. Gari hilohilo katika miaka ya 1980 lilitoka kiwandani likiwa na moto wa elektroniki. Kwa hiyo moduli si uzushi wa juzi.

Ila ninyi mnapoteza muda kwenye cheche. Kitakachotoa watu ni mteremko wa Lushoto hadi Mombo, kilomita thelathini na kitu za kona. Injini ya mipigo miwili hupata oili kupitia petroli. Kwenye Trabant za baadaye ni 1:50, yaani lita 20 za petroli kwa mililita 400 za oili. Sasa ukiteremka kwa gia na mguu umeutoa kwenye mafuta, injini inazunguka kasi huku petroli haiingii, na oili haiingii. Pistoni inakauka, inang'ata silinda.

Saab 96 ya zamani ilitatua hilo kwa friwili, ileile ya baiskeli: ukitoa mguu, magurudumu yanajiendea na injini inashuka hadi sailensa, ule mzunguko wa chini wa gari lililosimama. Injini inapona, ila breki ya injini huna tena. Una breki za dramu peke yake, na kufika kona ya kumi pedali inazama na harufu imejaa ndani. Kuna mkono wa kuifunga friwili. Ukiufunga unarudi kwenye tatizo la kwanza. Trabant ina friwili kwenye gia ya nne tu, hivyo shuka na ya pili, na kila baada ya kona mbili kanyaga mafuta kidogo makusudi upate oili. Anayekufuata atadhani huna akili. Mwache.

Mkanda Mmoja
DAF 44 ina swichi ya breki ya injini kwenye dashibodi, inaulazimisha ule mfumo wa mikanda unaoshika nafasi ya gia kubaki kwenye uwiano wa chini. Tunashuka bila presha. Na kwa kuwa haina giaboksi ya kawaida, inarudi nyuma kwa kasi ileile inayokwenda mbele; naomba kanuni iseme wazi kama kupanda Lushoto kinyumenyume ni halali. Mikanda hubadilishwa miwili kwa pamoja hata kama umekatika mmoja, la sivyo mpya na mlegevu havivuti sawa.

Mtunza Logi
Safari Rally yenyewe, ile iliyoanza 1953 kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, ilianza na magari ya kawaida ya dukani, na makundi yalipangwa kwa bei ya gari, si ukubwa wa injini. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7, la kwanza Peugeot 404. Na 404 ina kituko chake: difu ya skrubu na gurudumu la shaba. Mimina oili ya difu ya kisasa yenye salfa kali uone inavyoila shaba. Tungeni kanuni ya oili kwanza.

Bi Kabureta
Na kanuni ya joto. Voi hadi Mariakani petroli itachemka kwenye pampu iliyofungwa pembeni ya injini, mvuke utaziba njia. Vibanio vya nguo ambavyo watu hubana kwenye paipu ili kuipoza ni mapambo. Kitambaa chenye maji juu ya pampu kinafanya kazi. Kama pampu ya umeme karibu na tangi mmeiruhusu (kanuni ya sita!), moduli mnaikatalia nini?

Katibu wa Mikweche
Pointi imeingia. Napendekeza: moduli ruksa, mradi sahani ya platini na kondensa viwe ndani ya buti, na Same kila mwenye moduli aing'oe na kufunga platini mbele ya msimamizi. Dakika 30, 2CV dakika 60. Gari lisipowaka, adhabu ya saa moja.

Spana 13
Nakubali kwa shingo upande. Fila geji akope kwa nani?

Mkanda Mmoja
Na yule mwenye Amphicar, lile gari linaloelea majini, anaomba asipande kivuko Likoni, aogelee mwenyewe.

Katibu wa Mikweche
Amphicar majini inakwenda kama kilomita 11 kwa saa na inakata kona kwa magurudumu ya mbele. Bodi ni ya chuma, bahari ni ya chumvi, meli za Kilindini hazipishi mtu. Apange foleni ya feri kama wenzake, na nauli alipe.