Mahakamani au kwenye kampuni? Ushauri kwa wakili wa kesi za biashara, Mwanza

Wakili_Nyegezi
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka sita kwenye ofisi ya mawakili hapa mjini, karibu yote kesi za biashara: madeni, mikataba ya pamba, mizigo iliyoharibika. Sasa nimeitwa sehemu mbili. Kiwanda cha minofu ya sangara kinataka mwanasheria wa kampuni, na ofisi moja ya Dar inataka mtu wa kesi za Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu. Mke wangu ni muuguzi Bugando, watoto wanasoma hapa. Mliopita njia hizi naomba mnifungue macho.

Kaka_Igoma
Kama ni Divisheni ya Biashara tu, usihame. Ilianzia Dar mwaka 1999, lakini masjala yake ipo hapa Mwanza.

Mama_Ilemela
Mdogo wangu, mimi nilitoka mahakamani nikakaa kampuni miaka minane. Ukiwa wakili wa nje, kesi inakufikia imeshaharibika. Ukiwa ndani unaikuta ingali changa. Miezi ya mwanzo nilishinda stoo na getini kuliko mezani kwangu. Nikakuta hati za kupokelea mzigo zina muhuri wa mnunuzi tu, bila jina wala saini. Akikana mahakamani, utamwita nani atoe ushahidi? Nikaagiza kila dereva arudi na jina la mpokeaji, saini, saa, na kipimo cha ubaridi wa minofu. Baadaye mnunuzi mmoja alidai mzigo ulifika umeoza. Tulimtumia ile karatasi, akalipa.

Hata wito wa mahakama nilikuta umelala kwenye droo ya mapokezi. Siku 21 za kuleta utetezi hazisubiri mtu arudi likizo.

Na madeni! Dai la mkataba lina miaka sita tu ya kufunguliwa mahakamani. Nilikuta deni limebakiza miezi miwili, wenzangu wa uhasibu wanaendelea kupiga simu tu. Nikaandaa barua ya kukiri deni, mdaiwa akatia saini kabla muda haujaisha, na miaka ikaanza kuhesabiwa upya. Aliyewahi kuona kesi ikitupwa kwa kuchelewa ndiye anayekumbuka mambo hayo.

Msomi_Kirumba
Dada kasema kweli, shikamoo. Ila kuna upande unaouma. Nilikaa kampuni miaka minne bila kusimama mbele ya jaji. Niliporudi, siku ya kwanza kumhoji shahidi wa upande wa pili nilipoteza mtiririko, na mteja wangu aliona. Pia ukiwa ndani mteja wako ni mmoja, naye ndiye anayekulipa mshahara. Akitaka uandike jambo usiloliamini, ofisini ungerudisha jalada. Kule unarudisha kazi. Kabla ya kusaini uliza: utaripoti kwa nani, na kesi utaendesha mwenyewe au zitapelekwa kwa mawakili wa nje?

Mama_Ilemela
Marahaba. Na leseni yako ya uwakili ihuishwe kila mwaka. Omba kampuni iilipie, iandikwe kwenye mkataba.

Wakili_Nyegezi
Asanteni sana, dada na kaka zangu. Dar nimeifuta. Nimewaandikia kiwanda usiku huu: nataka kuripoti kwa mkurugenzi mkuu, leseni walipe wao, na kesi za madai ya mizigo nisimame mwenyewe. Wakikataa hilo la mwisho, nabaki nilipo.