Daktari kaniambia nifanye yoga. Mimi dereva wa lori, naanzia wapi?

DerevaWaUsiku

Wakuu habari zenu. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni dereva wa lori, njia yangu Dar–Tunduma, mara nyingine navuka mpaka hadi Ndola, Zambia. Huu mwaka wa 13 niko kwenye usukani, umri 43. Mgongo wa chini unanisumbua tangu mwaka jana, ila huo nimeshauzoea. Kinachonimaliza ni usingizi. Safarini nikiegesha nalala kama gogo. Nikirudi nyumbani Mbagala, kitanda cha maana, mke pembeni, kimya, hapo ndipo mwili unakataa. Nikifumba macho nateremka mlima Kitonga. Naiona kona kwa kona, na mguu wa kulia unakanyaga breki humo humo shukani hadi mke anaamka. Meno nayasaga. Asubuhi taya linauma utadhani nimetafuna mahindi makavu.

Nimekwenda hospitali, wamepiga picha ya mgongo, mifupa wanasema haina tatizo, ni misuli na mawazo. Daktari mwenyewe kijana tu. Kaniandikia dawa za maumivu, kisha akasema, "Mzee, jaribu yoga, upumzishe mwili na akili." Akaita mgonjwa mwingine. Yoga yenyewe ni kitu gani hakunieleza.

Nikaingia mtandaoni, nikakuta dada kaweka mguu nyuma ya shingo. Ndugu zangu, mimi nina kilo 97, kuvaa soksi tu ni mradi. Utingo wangu alipochungulia simu alicheka mpaka akachuchumaa. Mke naye ni mtu wa kanisa, kasema hayo ni mambo ya miungu ya Wahindi, nisimwingizie ndani.

Sasa naomba ushauri kwa wanaojua. Kweli inasaidia usingizi, au yule daktari alikuwa ananiondoa tu mlangoni? Na mtu kama mimi anafanyia wapi, kwenye kabini?

KichwaNgumu

Mkuu, yoga ni ya watu wa Masaki wenye vikaptura vya kubana. Piga mbili za baridi ulale. Uzi ufungwe.

DerevaWaUsiku

Mbili za baridi nilishajaribu. Nalala saa sita, saa tisa macho makavu, na asubuhi trafiki wananisubiri na kile kifaa chao cha kupuliza. Lete jingine.

FizioMoro

Mkuu, mimi kazi yangu ni tiba ya viungo, madereva wa njia yako nawaona kila wiki. Daktari hakukuondoa mlangoni, ila alikuachia sentensi nusu. Mwaka 2017 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini: vianze vitu visivyo dawa, na yoga imo kwenye orodha pamoja na mazoezi mengine na kulegeza misuli. Kwa hiyo kijana anasoma.

Kabla ya yote nijibu haya. Je, unapata ganzi katikati ya mapaja, mguu kuishiwa nguvu, au mkojo kukuponyoka? Ukiwa nayo hata moja, achana na uzi huu, rudi hospitali leo. La pili, muulize mke kama unakoroma, na kama katikati ya kukoroma unanyamaza kisha unashtuka kama mtu anayezama. Mwenye kilo 97, dereva, anayekatika pumzi usingizini, anahitaji kupimwa. Hapo yoga haitoshi, na barabarani unaweza kuua watu. La tatu, presha yako ikoje?

Sasa mgongo. Kuna msuli umejificha ndani ya nyonga, unaanzia kwenye pingili za kiuno na kushuka hadi juu ya paja. Ukikaa saa kumi kwenye kiti, msuli huo unakaa umekunjwa saa kumi. Ukisimama unavuta kiuno kwa mbele, nawe unasema mgongo unauma. Ukishuka kwenye lori, piga goti moja chini juu ya kitenge kilichokunjwa, mguu mwingine mbele, kaza kalio la upande wa goti, sogeza nyonga mbele taratibu mpaka usikie kuvutika mbele ya paja. Hesabu pumzi tano, badilisha. Wenye yoga yao wana jina la mkao huo, wewe uite kufunga nati za tairi, hakuna atakayekushangaa.

La mwisho, vinywaji vya kuongeza nguvu na kahawa. Unavyovinywa saa kumi jioni, saa tatu usiku takriban nusu ya kafeini yake bado inazunguka mwilini. Unakanyaga breki na mafuta kwa pamoja.

DerevaWaUsiku

Ganzi hapana, mkojo salama. Presha walisema iko juu kidogo. Nimemuuliza mke kuhusu kukoroma, kacheka kisha akasema anao ushahidi kwenye simu. Kumbe amekuwa akinirekodi.

FizioMoro

Nenda na hiyo rekodi kwa daktari, sitanii. Na kwa presha hiyo usifanye mkao wowote wa kichwa kuwa chini ya moyo.

BintiUpanga

Kaka yangu, achana na wadada wa video. Mimi nimekulia jirani na bibi mmoja wa Kihindi aliyekuwa akifanya yoga kila alfajiri barazani, na sikuwahi kumwona akijikunja kama chapati. Muda mwingi alikuwa amekaa tu, anapumua. Alinifundisha nilipokuwa na mitihani ya kidato cha nne na moyo unanidunda usiku kucha.

Alikuwa akisema miguu ni mapambo, kazi iko puani. Baadaye nilikuja kusoma kwamba hata maandiko ya kale ya yoga, ya Mhindi Patanjali, yenye mistari karibu 200, yanayozungumzia mkao ni mitatu hivi tu, na yanachotaka ni ukae imara na kwa raha. Kwa raha! Siyo kwa kutoa machozi.

Fanya jaribio hili hapo ulipo. Weka vidole viwili kwenye mshipa wa mkono, pale manesi wanapopimia mapigo. Vuta pumzi ndefu kwa pua, kisha itoe polepole. Ukitulia utasikia mapigo yakiharakisha kidogo unapovuta, yakipunguza unapotoa. Mwili unayo breki yake, nayo inakanyagwa kwenye kutoa. Ndiyo maana ukimwambia mwenye wasiwasi "vuta pumzi" humsaidii sana. Mwambie atoe.

Basi vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita. Usijaze kifua hadi mabega yapande, acha tumbo ndilo liinuke. Usibane pumzi. Ukisikia kizunguzungu unalazimisha, rudi kwenye kawaida yako. Dakika tano zinatosha kuanzia.

Ukiweza hiyo, toa pumzi kwa kuvuma kama nyuki, mdomo umefungwa, meno yameachana. Hayo meno ndiyo nakulenga. Huwezi kuvuma vizuri huku unayasaga.

MlokoleHalisi

Mtumishi, msikilize mkeo. Yoga ni mlango. Unaanza na pumzi, unaishia kuita roho usizozijua. Zaburi zipo, maombi yapo, kwa nini uazime kwa wengine?

MamaKarafuu

Mwanangu Mlokole, amani iwe nawe. Mimi Muislamu wa Unguja, na suali hili kwetu lilikuja zamani. Baraza la fatwa la Malaysia mwaka 2008 lilisema ile yoga yenye kuchanganya ibada na nyimbo za kuabudu haifai kwa Muislamu. Wanazuoni wa Indonesia mwaka uliofuata wakapambanua hivyo hivyo: penye ibada ya dini nyengine haramu, yakiwa mazoezi matupu hapana neno. Na Saudia kwenyewe mwaka 2017 wakaisajili kuwa ni mchezo katika michezo.

Mie goti lilinishinda, daktari akanielekeza. Nafanya juu ya mkeka wangu, wala sitamki neno nisilolijua maana. Nikitaka kutamka, natamka ninayoyajua. Asiyeutaka asiufanye, roho yake ikiwa nzito hatapumzika. Lakini kupumua, mwanangu, hakuna aliyekuazima.

MlokoleHalisi

Mama shikamoo. Kupumua sijakataa. Nimekataa jina.

MamaKarafuu

Marahaba. Basi mwambie mkewe ni mazoezi ya mgongo, tumemaliza.

Mtaa254

Niko Nairobi, nilikuwa naendesha matatu. Huku kuna Africa Yoga Project tangu 2007, wamefundisha vijana wengi wa mitaa ya mabanda kuwa walimu wa yoga, kwa hivyo usiambiwe ni mambo ya matajiri peke yao. Mwalimu wangu alikuwa kijana wa mtaani, na darasa la kwanza alitulaza chini tu. Nikamuuliza, sasa hii ndiyo nalipia? Akaniambia huu mkao wa kulala ndio mgumu kuliko yote. Unaitwa shavasana, na *shava* kwa Kisanskriti ni maiti. Unalala kama maiti, mikono kando, viganja juu, na usilale usingizi. Nilishindwa wiki mbili. Mguu wangu pia ulikuwa unakanyaga klachi.

Kilichonitoa ni kukaza kwanza. Ule mguu unaokanyaga breki, ukanyage makusudi, ukaze wote kutoka kidole hadi paja, hesabu tano, kisha uachilie ghafla kama unatua gunia. Halafu mguu mwingine, makalio, ngumi, mabega, uso. Msuli haujui kulegea ukiuamuru, unalegea ukichoka kukaza.

Na usijaribu hii ukiwa unaendesha, tafadhali. Gari izimwe, ufunguo nje.

FizioMoro

Hapo umesema. Niongeze tu kwamba mkuu mwenye mgongo asinyooshe miguu akilala. Aweke mashavu ya miguu juu ya kitanda au kreti, magoti yakunjwe, kiuno kiguse chini chenyewe.

DerevaWaUsiku

Wakuu, MREJESHO baada ya wiki tano.

Kwanza nilipimwa. Kweli pumzi hukatika usingizini, siyo kwa kiwango kibaya. Nimeambiwa nipunguze uzito na nilale ubavu, na baada ya miezi mitatu nirudi. Vinywaji vya nguvu nimeacha. Siku nne za kwanza kichwa kilikuwa kinapasuka.

Kufunga nati za tairi nafanya kila ninaposimama mizani. Mgongo haujapona, ila asubuhi navaa soksi nikiwa nimesimama, wenye kilo zao wataelewa.

Usingizi bado unanichezea, nisiwadanganye. Kwa wiki, siku nne nalala vizuri, tatu bado nateremka Kitonga. Tofauti ni kwamba nikishtuka sipambani tena. Nakanyaga ile breki makusudi, naachia, natoa pumzi kwa sita. Mara nyingi sifiki kona ya mwisho. Kuvuma kama nyuki nilijaribu usiku mmoja kwenye kabini, utingo akaamka akitafuta tochi, kadhani feni ya injini imebaki ikizunguka.

Sasa kilichonikuta Tunduma. Foleni siku ya pili, jua kali, nikatandika kitenge kwenye kivuli cha lori, pembeni siyo chini ya tela, miguu juu ya kreti ya soda, macho nimefumba. Mkao wa maiti kama Mtaa254 alivyoelekeza. Nikazama vizuri mno. Nasikia sauti za watu kwa mbali, nikasema moyoni, zipite. Hazikupita. Kufumbua macho nakuta wanawake wawili wauza matunda, dereva wa Kizambia kashika kofia kifuani, na mama mmoja tayari anafungua kanga yake ya juu anifunike. Nilipokaa, yule mama alipiga ukelele foleni nzima ikageuka.

Nikalazimika kuwaeleza. Yule Mzambia naye akasema mgongo wake una miaka sita. Jioni tulikuwa madereva wanne tumejipanga, miguu kwenye kreti, utingo anatuhesabia nne kuvuta, sita kutoa, kwa sauti ya mpiga debe.

Swali langu la leo: huyo Mzambia ni mnene kuniliko na goti lake moja lilifanyiwa upasuaji. Kule kupiga goti hawezi. FizioMoro, afanyeje?